Tuulizeni dukani, si kwenye benchi

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika chochote, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita, kwamba wagonjwa wengi wa zahanati na vituo vya afya wameridhika na huduma, imenishinda. Hao mliwaulizia wapi? Mimi niliulizwa kwenye benchi, nesi mwenye faili la mjukuu wangu amesimama palepale anasikiliza. Nikasema nimeridhika. Ungekuwa wewe ungesema nini, na mtoto bado hajaonwa?

Mtoto mwenyewe wa miaka mitatu, homa inamuunguza, akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Kwanza daftari: huna daftari hupokelewi, na anayeliuza ni huyohuyo dada wa mapokezi. Kadi ya CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya yetu imeilipia shilingi 30,000 za mwaka, ikaambiwa mtandao hakuna. Nikamkumbusha kuwa kwa sera ya serikali mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Akanijibu bila kuinua macho, "Babu, sera haileti dawa." Na juu ya kichwa chake ukutani pamebandikwa WAZEE KWANZA! Mganga, nisimwonee, alikuwa peke yake kwa foleni yote ile, na alimhesabia mtoto pumzi kwa saa yake ya mkononi, akaandika amoksilini ya kuyeyusha. Dirisha la dawa: imeisha. Duka la ng'ambo ya barabara: ipo, tele.

Na hayo maduka nayo! Ukisema hela haitoshi wanakukatia nusu dozi bila hata kukuonya, kisha tunashangaa vidudu kuwa sugu. Siku ya mkaguzi kuja, hata wauza karanga wanaijua.

Tangu 2015 serikali inavipa vituo nyota za ubora wa huduma, sifuri hadi tano. Sawa. Sanduku la maoni nalo lipo, limetundikwa mlangoni kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ufunguo anao yeye.

Basi mkitaka kupima tena kuridhika kwetu, mtu wenu akae barazani kwa lile duka la dawa, saa nne hadi saa saba mchana, amuulize kila anayevuka barabara na cheti mkononi. Ufunguo wa sanduku apewe mama anayeuza uji getini. Yeye hutusikia sote tukitoka, na mshahara wake hautoki humo ndani.

Mstaafu,
Morogoro