Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Urithi wa Tabora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii,
Mkuu wetu wa shule na walimu wote,
Wazee wetu wa Unyanyembe mliokubali mwaliko wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Mwangaluka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuja Tabora. Karibu sana shuleni kwetu. Tunajua kazi za ofisi yako ni nyingi, na tunajua pia kwamba wewe ni mmoja wa watu wachache ambao maoni yao yanaweza kuokoa jengo au kuliacha lianguke. Kwa hiyo tumeona risala yetu ya leo isiishie kwenye pongezi.

Klabu yetu ina wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha sita. Mwaka huu tulijipa swali moja la kufanyia kazi: mahali hufikaje kuwa mali ya kale inayolindwa na serikali, na nani huamua? Tulisoma sheria, tukazungumza na wazee, tukazunguka mji kwa miguu tukiwa na daftari na futi ya kupimia.

Tulianza na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda kwa njia mbili. Ya kwanza ni umri. Kifaa chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa bila mtu kuomba. Jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1886 nalo ni hivyo hivyo. Milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki zimewekewa mwaka wake, nao ni 1940. Njia ya pili ni tamko. Waziri mwenye dhamana akiridhika kwamba jengo, eneo au kitu kina thamani ya kihistoria, ya usanifu, ya sanaa au ya kisayansi, anaweza kukitangaza katika Gazeti la Serikali kuwa kinalindwa, hata kama hakijafikia umri huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka hiyo ukiileta Tabora inaugawa mji wetu pande mbili. Upande mmoja iko historia ya misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, walikuta mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya nchi ya Wanyamwezi, nao waliuita Kazeh. Historia hiyo sheria inaikumbatia yenyewe. Upande wa pili ni karibu yote yaliyofuata: Boma la Wajerumani, stesheni ya reli iliyofika hapa mwaka 1912, majengo ya shule alikosomea Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1937, na kumbukumbu za mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliopitisha uamuzi wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Haya yote ni ya baada ya 1886. Hakuna hata moja linalolindwa kwa umri wake. Mpaka mtu aandike, afisa akague, na Waziri atie saini.

Naomba nieleze jambo moja tuliloliona kwa macho yetu. Katika mtaa mmoja wa zamani, si mbali na hapa, palikuwa na nyumba ya udongo yenye mlango wa mbao nzito wa mabamba mawili. Kwenye miimo yake fundi alichonga mnyororo, pingili kwa pingili, kutoka chini hadi juu. Kwenye kizingiti cha juu palikuwa na maua yaliyozungukwa na majani, na patasi ilikuwa imepita kwa kina kiasi kwamba kidole kiliingia. Mbao zilikuwa nyeusi kwa moshi na mikono ya watu. Wenye nyumba walipata shida, wakauza kiwanja. Nyumba ikabomolewa, yakajengwa maduka. Mlango ukang'olewa na fremu yake, ukapakiwa kwenye gari la mnunuzi wa vitu vya kale, na majirani wakasaidia kubeba.

Kwa simulizi la wazee, mlango ule ulichongwa zamani sana kabla ya 1940. Kama ni hivyo, ulikuwa umelindwa kisheria siku zote, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa haimo katika orodha yoyote. Hatumlaumu aliyeuza, kwani alikuwa na watoto wa kulisha. Tunachosikitika ni kwamba mtaa mzima haukuwa na mtu mmoja wa kumwambia kwamba ile mbao ina ulinzi, na kwamba iko ofisi ya kuuliza kabla ya kuuza. Sheria imekaa kwenye vitabu tangu 1964, lakini mtaani haijafika.

Waswahili wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Ndiyo maana tulianza kuorodhesha wenyewe. Kwa kila jengo tuliandika mtaa lilipo, vifaa lilivyojengewa, nani anakaa humo, wazee wanasema nini juu yake na ni sehemu gani imebomoka. Tulifuata mambo yale yale ambayo mtaalamu angeyatazama. Je, umbo lake la mwanzo bado lipo, au limebaki jina tu? Je, yako mengine ya aina hiyo, au ndilo la mwisho? Ni hatari gani inalikabili, mvua, mchwa, au tingatinga?

Hapo ndipo tulipokutana na jambo lililotugusa zaidi. Mahali panapojulikana kuliko pote Tabora ni tembe la Kwihara, yaani nyumba ya udongo alikokaa Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, mwaka 1872 akisubiri wapagazi, mpaka alipoondoka mwezi Agosti. Tunapapenda Kwihara, na tunafurahi kwamba tangu mwaka 2006 pamo katika Orodha ya Awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, kama njia moja ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Lakini ukiuliza watoto wa mji huu Kwihara ni nini, watakujibu kwamba ni nyumba ya Mzungu. Hawatakuambia kwamba mwaka uliofuata Chuma, Susi na wenzao, Waafrika waliosafiri naye, waliupitisha hapa Unyanyembe mwili wa Livingstone, wakiubeba kutoka Chitambo, alikofia katika nchi ambayo leo ni Zambia, kuupeleka pwani. Wala hawatakuambia kwamba aliyekuwa akisubiriwa pale, mpagazi, alikuwa ndiye injini ya biashara yote ya bara hili. Vitambaa na shanga vilikwea kwa mabega, pembe zikashuka kwa mabega, na mengi ya mabega hayo yalikuwa ya Wanyamwezi. Na wako waliotembea njia hiyo hiyo wakiwa na minyororo shingoni.

Mpagazi hakuacha jumba. Mtumwa hakuacha mlango wa nakshi. Waliacha njia, mahali pa kupiga kambi, visima, na miembe ambayo wazee wanasema ilimea kando ya njia ya misafara. Kama thamani itapimwa kwa kuta na paa peke yake, watu hawa hawatachaguliwa kamwe. Sheria yenyewe haizuii, kwa sababu inaruhusu eneo kutangazwa, si jengo tu. Tunaamini kabisa kwamba kipande cha njia ile, na miembe yake kama bado imesimama, kinastahili tamko la Waziri sawasawa na ngome yoyote ya mawe.

Vivyo hivyo kwa Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, na alipoona ngome yake imeingiliwa akajilipua kwa baruti. Boma la waliomshinda watu wanalionyesha kwa kidole. Alipofia yeye, tulihitaji kuuliza wazee.

Liko pia la Lulanguru, mashariki ya mji, kwenye karakana ya reli ambako mwaka 1916 Wajerumani waliobanwa na Vita ya Kwanza ya Dunia walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Sarafu hizo leo zinanunuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa Ulaya. Lulanguru yenyewe wengi wetu tulikuwa tunaipita tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba yafuatayo.

Tunaomba Idara ya Mambo ya Kale ilete wataalamu Tabora kukagua majengo na maeneo ya baada ya 1886, wakianza na stesheni za zamani za reli ya kati. Reli ya kisasa inajengwa, nasi tunaifurahia kwa moyo wote. Lakini stesheni ikishaachwa bila kazi, haichukui muda kupoteza mabati, madirisha na mwishowe matofali. Zipimwe na kupigwa picha sasa, zingali zina watu.

Tunaiomba pia halmashauri yetu, kupitia kwako, itunge sheria ndogo ya kumtaka mwenye nyumba ya zamani atoe taarifa kwa afisa utamaduni kabla ya kubomoa. Na kwa kuwa mwenye nyumba naye ana haki zake, apewe mahali pa kupata ushauri na msaada wa ukarabati. Kumwambia mjane asiuze mlango wake, kisha kumwachia paa linalovuja, si uhifadhi.

La mwisho, tunaomba tamko linapotolewa lisomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya mtaa na kubandikwa ofisi ya mtendaji, maana Gazeti la Serikali halifiki kwa mama anayeuza karanga kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo.

Daftari letu tunakukabidhi leo. Lina picha, vipimo na maneno ya wazee kama walivyoyatamka. Si kazi ya wataalamu, na baadhi ya vipimo vitahitaji kurudiwa kwa vifaa bora. Tunaomba likasomwe ofisini kwako, na afisa atakayekuja kukagua tutampeleka kila mahali palipoandikwa humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na wanachama wa Klabu ya Historia, Tabora.