Redio ya kinyozi si disko

Mhariri,

Ile habari yenu ya wenye baa na saluni kukumbushwa kulipia leseni ya kupiga muziki kwenye biashara niliisoma nikiwa na mashine mkononi, nusura nimharibie mteja panki. Miaka kumi na mitano nimewasoma kimya. Leo hapana.

Sibishani na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Mtunzi ana haki yake, mwimbaji na mpiga ala wana yao, aliyerekodi naye ana yake. Haya. Lakini Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, benchi limejaa, waliingia vijana wawili wa kukusanya ada hiyo ya muziki, vitambulisho shingoni na askari nyuma yao. Redio yangu ni ndogo, antena yake ni waya wa hanga, na saa hiyo ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nikawauliza, huo ni wimbo wa nani? Wakasema kituo hicho hupiga nyimbo pia. Kituo si kimeshalipa? Wakasema cha kituo ni cha kituo, changu ni changu. Nikatoa risiti, wakacheka: hiyo ni ya chama kingine! Wakachomoa kebo ya soketi, wakabeba redio, na kwa kuwa mashine ilikuwa kwenye kebo hiyohiyo, mteja akabaki kitini na kichwa nusu.

Sasa nani ni nani? Mwaka 2017 KECOBO, bodi ya serikali ya hakimiliki, iliinyima MCSK, chama cha kuwakusanyia watunzi ada, leseni ya kukusanya, ikaipa chama kingine, MPAKE, kesi zikafuata, nasi wa mtaani tukabaki kuulizana risiti ipi ndiyo risiti.

Na matatu je? Stejini mbele yangu zinapiga muziki hadi poda inatembea kwenye rafu. Hizo sijaona zikichomolewa kitu.

Nina mteja, mzee aliyepiga gitaa la benga kwenye santuri za miaka ya 1970. Hunyolewa kwa deni. Nilipomuuliza mgao wake wa ada hizi, alinionyesha ujumbe wa M-Pesa: haulipi hata kunyoa mara tatu, ndevu kando.

Basi iwe namba moja ya malipo na risiti moja, bei zibandikwe kwa Kiswahili ofisini kwa chifu. Ama nimnyoe mzee bure kila wiki mbili, wao wanigongee muhuri daftarini. Waje Jumanne asubuhi, hakuna wateja. Na redio yangu wairudishe, pamoja na waya wa hanga.

Kinyozi,
Nakuru