Mtoto kapimwa, mama je?

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka bila kuandika neno, na ningeendelea kunyamaza kama si makala yenu ya wiki iliyopita iliyowashauri wanawake waliojifungua karibuni "wajiamini". Wajiamini vipi, na kila anayeingia mlangoni ana kasoro ya kutaja? Mtoto umemfunika mno. Hujamfunika vya kutosha. Maziwa yako hayamshibishi huyo. Akitoka mmoja anaingia mwingine na amri ya kinyume.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, nilimweleza muuguzi wa kliniki kwamba sipati usingizi hata mtoto akilala, nalia ovyo, na naogopa kubaki naye peke yangu. Alikuwa akijaza uzito kwenye kadi, wala hakuinua macho. "Mtoto anaongezeka vizuri, sasa unalilia nini?" Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Machozi ya siku za mwanzo yanajulikana, na kwa kawaida hukatika yenyewe ndani ya wiki mbili. Yangu yalikuwa na miezi. Lipo dodoso la maswali 10 la kutambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa mama aliyejifungua, lile la Edinburgh lililochapishwa mwaka 1987, linalomuuliza alivyojisikia siku 7 zilizopita. Kulijaza ni dakika chache tu. Lakini kadi niliyopewa ilikuwa na nafasi ya uzito, ya chanjo, ya tarehe ya kurudi, na mama hakuwa na hata mstari mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia asilimia 20. Hao wote ni wavivu wa kujiamini?

Na hilo la kina baba nalo! Baba akimbeba mtoto hadi sebuleni anapigwa picha na kupongezwa. Mama aliyekesha naye anaulizwa mbona hajachana nywele.

Pendekezo langu: mgeni asimguse mtoto kabla hajaosha vyombo na kufua nepi zilizolowekwa, kisha akae na mtoto, mdomo kaufunga, mama alale kwa muda wa saa mbili. Asiyeweza atume salamu. Mwandishi wenu aanze yeye; zamu ya saa tisa usiku iko wazi.

Mama wa watoto wawili