Hiyo wastani ya foleni haikuhesabu watu wa getini

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya kompyuta na foleni ya hospitali imekataa kunitoka rohoni. Mnaikumbuka, ile yenye picha ya wataalamu wameinamia laptop, mkasema wameiga foleni kwa programu na wakapata mgonjwa atakuwa anangoja kwa wastani chini ya nusu saa. Basi, hapo ndio habari ikaisha. Programu iliendeshwa mara ngapi hamkusema, ilianza na watu wangapi hamkusema, hiyo nusu saa inaweza kupanda mpaka wapi pia hamkusema.

Na mimi nikaamini. Wiki iliyofuata nikapeleka mama yangu kliniki ya sukari, ako na miaka 79, na alikuwa ameambiwa aje bila kula ndio apimwe damu. Mtu wa tuktuk nikamwambia arudi baada ya saa moja. Tulifika saa moja na nusu asubuhi tukapata benchi zimejaa, wengine wamekaa chini kando ya ukuta, mama mmoja wa Ahero akaniambia yeye alikuwa getini tangu saa kumi na moja. Nesi anapita anasema "Dani, ngoja kidogo", dani (ndio nyanya kwa Kijaluo) anangoja, saa nne, saa tano, kufika saa sita mikono ikaanza kumtetemeka na jasho jembamba linamtoka, nikakimbia kumnunulia soda na hiyo soda ndio ikaharibu kipimo. Tukaambiwa turudi Jumatatu.

Sasa wacha niwaeleze mahali shida iko, maana nimefundisha hesabu miaka 26 hapa Kisumu na hii kitu naijua. Programu kama hizo mara nyingi huanza na hospitali tupu, daktari amekaa, hakuna mtu, kwa hivyo wagonjwa wa kwanza wanapita haraka na dakika zao ndogo zinaingia kwa wastani na kuivuta chini. Hospitali yetu haianzi tupu! Kukiwa na watu 20 mlangoni na daktari mmoja anamaliza mtu kwa dakika 6, yule wa 21 anangoja saa mbili nzima, na hiyo ni kabla siku haijaanza vizuri. Jioni ile nilikaa chini nikaandika programu ndogo yangu, wagonjwa 9 kwa saa wanakuja bila mpango, daktari ana uwezo wa 10 kwa saa kwa wastani, muda wa kila mtu nao ni wa kubahatisha. Hesabu ya vitabu inasema kama mlango haufungwi kamwe, mtu atangoja wastani wa dakika 54 kabla ya kuonwa. Nikaiga siku moja ya saa 8 nikianza tupu, ikanipa dakika 12. Nikabadilisha mbegu, ile namba inayoanzisha namba za kubahatisha za programu, kitu kingine sikugusa, ikanipa 39. Hospitali ni ile ile, daktari ni yule yule! Ni gani ningewaletea mchape? Na msiniambie ati wagonjwa walikuwa wengi kwa hiyo namba ni ya kuaminika, kwa sababu watu wa foleni moja hawako huru, wa tatu akichelewa wa nne amechelewa na wa tano pia, wagonjwa 70 wa siku moja wanakupa habari karibu sawa na wachache tu. Kinachohesabika ni siku. Unaiga siku 10, kila siku na mbegu yake, unachukua wastani wa kila siku, unatafuta mtawanyiko (standard deviation) wa hizo wastani 10, unagawanya kwa mzizi wa 10, unazidisha kwa 2.26 ya jedwali la t la takwimu, unaitoa na kuiongeza kwa wastani wa siku zote, ndio unasema ni kutoka hapa mpaka hapa. Na wagonjwa wakipungua kutoka 9 kwa saa mpaka 8, ile 54 inaanguka hadi 24, mtu mmoja tu kwa saa! Kitu nyeti hivyo mnakichapa na namba moja?

Ni kama ile ya matatu za Kondele, mliandika zinapita kila dakika 10 kwa wastani kwa hivyo mtu atangoja 5. Si kweli. Zikija ovyo vile zinakuja, mtu akitokea stegi ana nafasi kubwa ya kuangukia lile pengo refu, na kwa wastani anaishia kungoja hizo 10 zote. Foleni za simu Erlang, mtu wa hesabu wa Denmark, alianza kuzipigia hesabu Copenhagen mwaka wa 1909, jameni, hii elimu si ya jana.

Ninachoomba ni hiki. Mkichapa tena namba ya foleni, chini yake muweke mistari minne kwa herufi za ukubwa ule ule: iliigwa mara ngapi, ilianza na watu wangapi, ule muda wa mwanzo walifanya nini nao, na ni kutoka dakika ngapi mpaka ngapi. Halafu mtume mwandishi mmoja getini saa kumi na moja alfajiri, siku 10, ahesabu watu waliokuwa hapo kabla mlango kufunguliwa, na hiyo hesabu wapewe wataalamu wenu waanze nayo. Jumatatu mimi nitakuwa hapo na mama, hiyo siku ya kwanza nitawahesabia.

Mwalimu mstaafu,
Mamboleo, Kisumu