Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Kaunti ya Nakuru: wapimeni mafundi kazini kabla ya kuwapeleka semina

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni mafundi na wakufunzi wa magari ya abiria hapa Nakuru. Kabla pesa za mafunzo hazijatengwa, tunaomba mafundi na madereva wa sacco (vyama vya wenye matatu na mabasi) wapimwe wakiwa kazini, ijulikane nani anaweza nini. Semina za hotelini huishia kwa cheti, na fundi hurudi gereji na pengo lilelile.

Pengo linalotutia hofu zaidi ni breki za upepo, zinazosukumwa kwa hewa iliyobanwa. Makanika wengi walijifunzia kwenye matatu za abiria 14, zenye breki za mafuta. Sacco ikinunua basi kubwa, kazi hupewa fundi yuleyule. Basi likiteremka kutoka Mau Summit kwenda Salgaa, drami za breki hupata moto na kutanuka. Kama ajasta, kifaa kinachorekebisha nafasi kati ya breki na drami, ilikuwa imelegea, rodi ya kusukuma hufika mwisho kabla breki hazijashika vizuri.

Kipimo chenyewe si kigumu. Magurudumu yawekewe vizuizi, upepo ujazwe hadi karibu psi 120 (psi ni kipimo cha shinikizo), injini izimwe, handbreki iachiliwe, kisha breki ya mguu ikanyagwe hadi mwisho. Geji ya upepo ikitulia, hesabu dakika moja mguu ukiwa palepale: basi lisilo na trela lisipoteze zaidi ya psi 3. Halafu fundi akanyage na kuachia mara kwa mara. Onyo la upepo mdogo lazima litoe ishara kabla upepo haujashuka chini ya psi 60. Mwacheni afanye bila kuelekezwa. Anayetafuta uvujaji kwa maji ya sabuni anaijua kazi. Anayekaza kwa mkono ajasta inayojikaza yenyewe, wiki baada ya wiki, anaficha ubovu. Pengine ajasta imekufa au bushi zimelika.

Dereva naye apimwe barabarani. Je, anaingiza gia ndogo kabla ya mteremko, au anangoja gari lishike kasi? Wapo wanaoteremka na gia huru ili kuokoa dizeli, na hapo mzigo wote unaangukia breki.

Kila sacco iwe na jedwali la majina na kazi: 0 hajui, 1 anafanya akisimamiwa, 2 anafanya peke yake, 3 anaweza kufundisha mwenzake. Kazi yenye mtu mmoja tu wa 2 au 3 ipewe kipaumbele, hata kama mtu huyo ni hodari sana, maana akihamia sacco nyingine gereji imebaki mikono mitupu. Jedwali lilinganishwe na daftari la matengenezo: ubovu unaorudi kwenye gari lilelile ndani ya mwezi unaonyesha pengo kuliko mahojiano yoyote.

Mabasi ya umeme nayo yanakuja. Asiyefunzwa kukata umeme wa betri asiguse waya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkali.

Wanaofika 2 bila cheti, kaunti iwalipie ada ya mtihani wa ufundi wa NITA (Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda). Tunaomba muanze na sacco zinazopita Salgaa kila siku. Zinahitajika shimo la ukaguzi, geji inayosoma sawasawa na wakaguzi wawili, ambao tuko tayari kuwafunza.

Wako,
Mafundi na wakufunzi wa magari ya abiria, Nakuru