Tuseme nini badala ya "bahati nasibu"?

Ndugu Mhariri,

Kazi yetu ni kuwasomea wagonjwa wa saratani ya matiti fomu ya ridhaa kabla hawajaingia kwenye utafiti wa dawa. Ipo sentensi moja inayotushinda: "Utapangiwa kundi kwa bahati nasibu." Mama akiisikia tu, uso unabadilika. Bahati nasibu anayoijua ni ya tiketi na zawadi, sasa iweje uhai wake uchezewe kamari?

Tumejaribu maneno mengine. "Kura" inamkumbusha uchaguzi. "Kurusha sarafu" inasikika kama utani mbele ya mtu mwenye uvimbe kifuani. Iliyo mbaya kuliko zote ni "kompyuta itakuchagulia", kwa sababu haishtui. Mama anaamini kompyuta imesoma vipimo vyake ikaona dawa inayomfaa, anasaini kwa moyo mweupe, kumbe hajaelewa. Vipimo hivyo (vipokezi vya homoni na protini ya HER2 kwenye uvimbe, damu, nguvu ya moyo) vinaamua kama anafaa kuingia kwenye utafiti. Havimchagulii dawa.

Sababu ya kupanga makundi bila mtu yeyote kuchagua tunaieleza bila shida. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, hata bila kukusudia anaweza kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi, na mwishowe usijue kilicholeta nafuu ni dawa au ni afya waliyokuja nayo. Kwa mpango huohuo utafiti wa B-06, ulioanza Marekani mwaka 1976, ulionyesha kwamba kwa uvimbe usiozidi sentimita 4, kuutoa wenyewe na kufuatisha mionzi hakufupishi maisha kuliko kuondoa titi zima. Wanawake waliokubali kupangiwa kundi ndio waliowafungulia wenzao mlango wa kubaki na matiti yao. Mfano huu wagonjwa wanauelewa mara moja. Neno lenyewe ndilo linalokwama.

Mengine yananyooka. Wakisikia utafiti wa "awamu ya 3" wengi wanadhani ni saratani hatua ya 3. Tunawaeleza kuwa dawa imeshapimwa kwa watu wachache, sasa inalinganishwa na tiba iliyozoeleka. Kidonge kisicho na dawa ndani, pale ambapo tiba ipo, kwa kawaida huongezwa juu ya tiba hiyo, hakichukui nafasi yake. Na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, ila asiache dawa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari.

Tunaomba ushauri wa wasomaji, hasa walimu wa Kiswahili na waliowahi kuuguza. Tunatafuta maneno ambayo bibi asiyejua kusoma na binti aliyemsindikiza watayaelewa sawasawa: kwamba hakuna mtu anayechagua, wala daktari wala mgonjwa, na kwamba nafasi ya kuangukia kila kundi inajulikana tangu mwanzo, iwe mmoja kati ya wawili au wawili kati ya watatu. Mwenzetu anapendekeza tuonyeshe bahasha zilizofungwa, zichanganywe mezani. Tunachohofia ni mama kudhani mkono wake ndio uliokosea akipata kundi asilolitaka.

Neno likipatikana tutalipeleka kwanza kwenye kamati ya maadili, maana maneno ya fomu hayabadilishwi bila idhini yao. Je, "kupangwa bila kuchaguliwa" inaeleweka huko mliko, au nayo ina kasoro tusiyoiona?

Wauguzi wawili wa wodi ya saratani