Barua ya wazi kwa Msajili wa Hati: hati ikiguswa, simu ya mwenyewe ilie

Kwa Msajili wa Hati,
Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

YAH: MWENYE HATI AARIFIWE KILA WARAKA UNAPOSAJILIWA

Ndugu Msajili,

Mama yangu mdogo ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake, chini ya doti za kanga ambazo hajawahi kuzivaa, aliweka hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Roho ikimdunda hulifungua, akaigusa karatasi, akafunga. Siku dalali alipokuja kubandika tangazo la mnada mlangoni, mama mdogo alimcheka. Aliingia ndani akatoka na hati yake, amwonyeshe kwamba amekosea nyumba.

Hakuwa amekosea. Karatasi ya sandukuni ilikuwa kivuli, tena cha rangi, kilichotolewa kwa ustadi. Hati yenyewe ilikuwa benki kwa zaidi ya mwaka, imewekwa rehani na kijana wa ukoo wetu kwa sahihi ya kughushi na picha ya mwanamke mwingine. Muda wote huo mama mdogo alikuwa analinda kivuli.

Sikuandikii kushtaki mghushi. Huyo ana polisi na mahakama yake. Naandika juu ya ule mwaka. Siku rehani inaandikwa kwenye rejista, meseji moja ingetosha. Mama mdogo asingeielewa, lakini jioni ileile angeniletea simu: "Hebu nisomee, mwanangu, hawa wanataka nini?"

Najua jibu nitakalopewa: rejista iko wazi, mtu yeyote akilipa ada anafanya upekuzi, yaani anaangalia kilichoandikwa juu ya hati. Ni kweli. Lakini anayefanya upekuzi ni mnunuzi, au benki inayotaka kukopesha. Nani anaamka asubuhi akapanda daladala kwenda kuipekua nyumba aliyolala ndani yake?

Wala haiwezi kusemwa kwamba mwenye nyumba hapatikani. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na ya mama mdogo imekatwa kila mwezi, hata ile miezi ambayo hakujua kwamba nyumba yake ni dhamana ya mkopo wa mtu mwingine. Laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Nikimtumia mtu shilingi elfu tano, meseji inaingia kabla sijarudisha simu mfukoni. Nyumba inahama kimya.

Tazama hata utaratibu wa kuhamisha miliki. Fomu Na. 29 ni taarifa ya uhamisho. Taarifa kwa nani? Kwa Kamishna wa Ardhi. Mwenye kiwanja anadhaniwa anajua, kwa sababu sahihi yake ipo pale chini. Sasa sahihi ikiwa si yake?

Masijala ya ardhi ya England na Wales ilianzisha huduma ya kuarifu ya aina hii mwaka 2014. Mtu anajiandikisha bure, anaweza kufuatilia hadi nyumba 10, na si lazima ziwe zake. Hata ya mzazi wake inakubaliwa. Huduma hiyo haizuii usajili. Inakushtua tu, mengine uyakimbilie mwenyewe.

Jambo hili likifanyika hapa kwetu, naomba lisifanyike kizembe. Namba ya simu isichukuliwe kwenye fomu zilizoletwa siku hiyo, maana mghushi ataandika ya kwake na kujipongeza kwa meseji. Itumike namba iliyokuwa kwenye jalada tangu zamani, na mtu akiomba kuibadilisha, ile ya zamani ipigiwe kwanza. Meseji iende fomu zinapopokelewa, siyo wino umeshakauka. Iwe Kiswahili cha nyumbani: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, umeletwa waraka wa rehani, kama hukuuleta wewe fika ofisi ya ardhi. Isiombe pesa wala kumtaka mtu abonyeze kitu chochote. Matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wataiga siku ya pili, kwa hiyo wananchi waambiwe mapema ujumbe halali unafananaje.

Na jalada liwe na nafasi ya mtu wa pili. Hili nalisisitiza. Ziko hati nyingi zenye majina ya watu waliokwisha kuzikwa, na mirathi haijafunguliwa. Meseji itamlilia nani? Ziko nyumba za walioko Muscat au Minnesota, funguo ameachiwa binamu. Na wapo wake za watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, lakini wapo waume wanaokula kiapo kwamba hawajaoa huku watoto wanne wanawasubiri nyumbani. Namba ya mke ikiwemo kwenye jalada, kiapo hicho kitakuwa kigumu kidogo kutamkika.

Shauri letu liko mahakamani. Limetajwa, limeahirishwa, tumezoea. Nakala ya barua hii nitaileta masijala kwa mkono, pamoja na namba ya mama mdogo na yangu kama mtu wa pili. Yake hajawahi kuibadilisha tangu anunue simu, na usiku haizimi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa dada yake